Asilimia Huja Mwisho

Mwezi Julai, ukimuuliza mkurugenzi wa fedha wa mji mdogo wa Minnesota kodi ya majengo ya mwakani itakuwa asilimia ngapi, atakujibu kuwa hajui, na atakuwa anasema kweli. Asilimia hiyo bado haipo. Itapatikana baada ya vikao vya karibu nusu mwaka, baada ya madiwani kuvutana juu ya chumvi ya barabarani na gari la zimamoto, na hata hapo hakuna diwani atakayeitamka. Itatokea kwenye hesabu ya kugawanya, katika ofisi ya kaunti, wakati madiwani wameshakwenda nyumbani.

Kwa sisi Watanzania tunaokatwa kodi ya majengo kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, jibu hilo linashangaza. Kuanzia Agosti 2021 nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa ilikatwa shilingi 1,000 kila mwezi, na mwaka 2023 zikawa 1,500. Kiwango kimepangwa Dodoma, ni kimoja kwa nyumba ya vyumba viwili Singida na ya vyumba sita Mbezi Beach, na mlipaji anakijua kabla hajaingiza tokeni. Sina ugomvi na urahisi huo. Anayekumbuka foleni za kulipia kodi hiyo dirishani atauheshimu. Ila ni kodi isiyohitaji fundi. Ile ya Minnesota haiendi bila fundi, na huyo fundi ndiye ninayetaka kumtazama akiwa kazini.

Tuchukue mji wa Northfield, kilomita kama 65 kusini mwa Minneapolis, wenye wakazi elfu 20 na ushee. Nje ya Minnesota unajulikana kwa tukio moja: tarehe 7 Septemba 1876 genge la Jesse James lilivamia benki ya mji, wenyeji wakatoka na bunduki na kulisambaratisha. (Watu wenye historia hiyo hawawezi kuwa wazembe na hazina yao.) Kwa mtu wa fedha, cha kuvutia zaidi ni kwamba Northfield ina vyuo viwili vikubwa, Carleton na St. Olaf, na kwa sheria ya jimbo vyuo havitozwi kodi ya majengo. Wanafunzi wanatumia barabara, taa na zimamoto kama wenzao wote, lakini majengo ya vyuo vyao hayachangii kitu kwenye hesabu tunayoiendea. Mji pia umegawanyika katika kaunti mbili, Rice na Dakota. Kila jambo la namna hiyo linamwongezea mhasibu mstari kwenye karatasi yake.

Mwaka wa fedha wa miji ya huko ni Januari hadi Desemba, kwa hiyo kazi huanza katikati ya majira ya joto. Wakuu wa idara huleta maombi yao, polisi, barabara, maktaba, bustani, na mkurugenzi wa fedha hukaa na mtendaji mkuu wa mji kuyapitia kasma kwa kasma.

Kasma ya theluji peke yake inatosha kumpima mtu. Hakuna anayejua kama baridi ijayo itakuwa ya dhoruba tatu au kumi na tano, na kila dhoruba ina bei yake: dizeli, chumvi, visu vya kusukumia theluji vinavyolika kwenye lami, na saa za ziada za madereva wanaoamshwa saa tisa usiku. Isitoshe, msimu mmoja wa baridi unakatwa katikati na mwaka wa fedha. Theluji ya Januari hadi Aprili inaliwa na bajeti moja, ile ya Novemba na Desemba inaliwa na bajeti hiyohiyo, ingawa ni msimu mwingine kabisa. Baridi ikija kali mwanzoni mwa mwaka, msimamizi wa barabara anafika Oktoba kasma yake imeshakauka na theluji mpya haijaanza kudondoka. Fundi mzuri hapangi kwa kutazama mwaka jana. Anachukua wastani wa miaka kadhaa, anaacha nafasi kidogo, na anajua ni kasma ipi nyingine inaweza kusubiri mambo yakiharibika.

Gari la zimamoto ni mtihani wa aina nyingine. Lile lenye ngazi ndefu siku hizi linazidi dola milioni moja, na linahitajika mara moja kwa kipindi cha miaka ishirini hivi. Mji usiojipanga hulinunua kwa mshtuko: mwaka linapokufa, kodi inaruka, wananchi wanafurika ukumbini, na mwaka unaofuata inashuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mji uliojipanga huanza kulilipia lingine tangu mwaka lile jipya lilipoegeshwa, kidogo kidogo, katika mfuko wa kubadilisha vyombo vya moto. Kwenye jedwali la mfuko huo utaona kila gari la mji, hadi mashine ya kukata nyasi, limeandikiwa mwaka wa kununuliwa, mwaka wa kustaafishwa na fedha inayowekwa kila mwaka. Ni jedwali linalochosha kusoma. Mimi naliona ndilo ukurasa bora wa kitabu kizima cha bajeti, maana limeandikwa kwa ajili ya madiwani ambao bado hawajagombea.

Matumizi yakishajumlishwa, mkurugenzi wa fedha hutoa humo kila senti isiyotoka kwenye kodi ya majengo. Kuna ada za vibali vya ujenzi, leseni na faini. Kuna ruzuku ya jimbo kwa serikali za mitaa, iliyoanzishwa 1971 katika mageuzi ambayo watu wa huko mpaka leo wanayaita muujiza wa Minnesota; inagawanywa kwa kanuni inayotazama mahitaji ya mji na uwezo wake wa kujitoza, ili mji maskini usilazimike kutoza mara tatu ya jirani yake kwa huduma ileile. Na kuna chanzo ambacho msomaji wa kwetu hatakitarajia: duka la pombe. Miji mingi ya Minnesota, Northfield ikiwemo, inamiliki duka lake yenyewe, na faida inaingia kwenye shughuli za mji. Mtu ananunua chupa ya mvinyo Ijumaa jioni na bila kujua amechangia bustani.

Kinachobaki baada ya kutoa yote hayo ndicho mji unachowadai wenye majengo. Nitakiita dai la mji. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaijua hesabu hii: kwanza ukumbi, chakula na mapambo, kisha unatoa walichoahidi wazazi, na pengo lililobaki ndilo linaloamua kadi itauzwa bei gani. Hakuna kamati inayoanza na bei ya kadi.

Tofauti ni kwamba hapa kadi hazilingani. Tuseme, kwa tarakimu nyepesi za mfano, matumizi ya mji ni dola milioni 20 na vyanzo vingine vinaleta milioni 8. Dai ni milioni 12. Upande wa pili kuna msingi wa kodi, nao haupatikani kwa kujumlisha bei za nyumba tu. Sheria ya jimbo inaipa kila aina ya jengo uzito wake: nyumba anayoishi mwenyewe inahesabiwa kwa asilimia 1 ya thamani yake hadi dola 500,000, na asilimia 1.25 kwa kinachozidi. Jengo la biashara asilimia 1.5 kwa dola 150,000 za kwanza, na 2 kwa zinazofuata. Ukijumlisha uzito wa majengo yote ya mji, tuseme unapata milioni 30. Gawanya 12 kwa 30. Asilimia 40 imezaliwa.

Mwenye nyumba ya dola 300,000 anayeishi humo mwenyewe atapata kwanza punguzo la mkaazi. Kwa kanuni iliyoanza na kodi za 2025, punguzo hilo ni asilimia 40 ya dola 95,000 za kwanza, kisha linapungua kwa senti 9 kwa kila dola inayozidi hapo. Kwake linakuwa dola 19,550. Inabaki thamani ya 280,450, uzito wake ni 2,804 na nusu, na asilimia 40 ya hiyo ni dola 1,122 hivi kwa mwaka. Hiyo ni sehemu ya mji peke yake. Kaunti na wilaya ya shule nao wana madai yao, yaliyopikwa kwa njia hiyohiyo, kwenye ankara hiyohiyo.

Nimekokotoa hadi mwisho kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo karibu kila mtu hupotea, wenyeji wakiwemo. Bei za nyumba zikipanda mji mzima kwa kadiri moja, mji haupati hata dola moja ya nyongeza. Dai bado ni milioni 12. Msingi umekua, asilimia imeshuka, na ankara zinakaa karibu palepale. Thamani ya nyumba yako inaamua ubebe kipande gani cha mzigo, wala haiongezi mzigo wenyewe. Utaumia nyumba yako ikipanda kuliko za wenzako, au maduka ya mjini yakishuka thamani na uzito wao ukahamia kwenye nyumba za watu. Na mji unaojengwa majengo mapya hupumua, maana dai lilelile linapata mabega zaidi.

Nairobi inaonyesha jambo hilo kwa upande wa pili. Kwa takribani miaka arobaini jiji lilitoza ardhi kwa daftari la uthamini la mwanzoni mwa miaka ya 1980. Thamani zilizoandikwa humo zilikuwa za enzi nyingine, kwa hiyo kiwango kikapandishwa hadi asilimia 34. Daftari jipya lilipoanza kutumika, kiwango kikaporomoka hadi chini ya asilimia moja. Aliyesikia asilimia 34 akashika kichwa, na aliyesikia sehemu ya asilimia moja akashangilia, wote walikuwa wanatazama tarakimu isiyosema chochote ikiwa peke yake.

Turudi Northfield. Kabla Septemba haijaisha, madiwani lazima wapitishe dai la awali na kulipeleka kaunti. Baada ya hapo dai linaweza kupunguzwa, si kuongezwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Ndiyo maana wengi huweka dari juu kidogo, kwani bima ya afya ya wafanyakazi na mikataba ya polisi huenda haijajulikana. Busara hiyo naielewa. Ninachokidharau ni dari inayopaishwa makusudi ili Desemba madiwani waonekane wameikata kwa huruma. Mkurugenzi wa fedha anayejiheshimu hukataa mchezo huo mapema, kwa kuwapa madiwani tarakimu iliyo karibu na ukweli na orodha ya vitu vitakavyotoka kama wanataka ishuke.

Anawapa pia kipimo. Dai likiwa milioni 12, asilimia moja yake ni dola 120,000, na hiyo haipishani sana na gharama ya askari mmoja kwa mwaka ukijumlisha bima na pensheni. Diwani akishaishika hesabu hiyo, mjadala unabadilika. Haulizi tena kama nyongeza ya asilimia 6 ni kubwa. Anauliza askari wa pili aingie mwaka huu au mwakani, na kama maktaba inaweza kufungwa saa moja mapema Jumatano. Mabishano ya namna hiyo yanavumilika hata usiku wa manane.

Kati ya tarehe 10 na 24 Novemba kaunti inamtumia kila mwenye jengo karatasi ya kodi inayopendekezwa, kwa sheria ya 1988. Karatasi inaonyesha kodi ya mwaka huu na ya mwakani kwa kila mamlaka, na inataja mahali na saa ya mkutano wa wananchi, ambao hauruhusiwi kuanza kabla ya saa kumi na mbili jioni, ili aliyetoka kazini aweze kufika. Wakenya na Watanzania walionunua nyumba huko huipata barua hii kama mtu mwingine yeyote, na ugumu wake uko hapa: ni barua ya pili. Ya kwanza, ya thamani ya nyumba, ilikuja majira ya kuchipua, na thamani iliyoandikwa humo ni ya kodi ya mwaka unaofuata. Anayekwenda kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka kulalamikia thamani anaambiwa, kwa upole, kwamba mlango huo ulifungwa miezi mingi nyuma. Hapo mfumo una kasoro ya kweli. Ni sahihi kihesabu, lakini unamtaka raia akasirike kwenye mwezi unaofaa.

Bajeti inapitishwa Desemba, na dai la mwisho linapelekwa ndani ya siku tano za kazi baada ya tarehe 20. Halafu ofisi ya kaunti inagawanya.

Kuna ufundi mwingine uliofichika kwenye kalenda. Kodi hulipwa kwa awamu mbili, tarehe 15 Mei na 15 Oktoba, na fedha hizo kwa wingi wake huufikia mji katikati ya mwaka na tena mwanzoni mwa Desemba. Ruzuku ya jimbo, kwa sehemu kubwa, hulipwa Julai 20 na Desemba 26. Maana yake ni kwamba kuanzia Januari hadi Juni mji unalipa mishahara na kusukuma theluji bila mapato makubwa yoyote. Unaishi kwa akiba. Kwa sababu hiyo ofisi ya mkaguzi wa hesabu wa jimbo inashauri mji ufunge mwaka ukiwa na akiba ya asilimia 35 hadi 50 ya mapato ya uendeshaji, au isiyopungua matumizi ya miezi mitano. Mwananchi akiyaona mamilioni hayo kwenye taarifa ya Desemba 31 huuliza kwa nini yasirudishwe. Swali ni la haki, na jibu ni la kuchosha: hadi Juni yatakuwa yameyeyuka. Mwezi Desemba 2008, siku chache kabla ya malipo ya tarehe 26, gavana alizuia sehemu ya ruzuku kwa sababu hazina ya jimbo ilikuwa imepwaya. Miji ilikuwa imeshatumia mwaka mzima ikiitegemea. Iliyokuwa na akiba iliziba pengo na kuendelea.

Nimemwacha mthamini hadi sasa kwa kuwa kazi yake ndiyo inayobeba nyingine zote. Sheria inamtaka aitazame kila nyumba kwa macho angalau mara moja kila miaka mitano, kwa hiyo kila mwaka anapita sehemu ya tano ya majengo yake. Anazunguka na utepe wa kupimia na ramani ya msingi wa nyumba, akitafuta yaliyobadilika: baraza lililozibwa likawa chumba, paa jipya, bafu lililoongezwa chini ya ardhi. Nyumba nne katika tano hakuzigusa mwaka huo, lakini zote lazima zipewe thamani ya Januari 2.

Kwa hizo anategemea mauzo. Anakusanya nyumba zote zilizouzwa kati ya Oktoba 1 na Septemba 30, anaondoa zile ambazo mama alimuuzia mwanawe au benki ilikuwa inajiondolea mzigo, kisha analinganisha bei na thamani aliyokuwa ameiandika yeye. Nyumba aliyoithamini 285,000 ikauzwa 300,000 ina uwiano wa 95. Anapanga uwiano wote kwa mfuatano na kutazama ulio katikati. Jimbo linataka uwe kati ya 90 na 105. Ukiwa 86, anajua amebaki nyuma ya soko, na thamani za eneo hilo zitapanda, zikiwemo za watu ambao hawajafikiria kuuza hata siku moja.

Asiye makini huishia kwenye uwiano wa katikati. Unaweza kuwa 95 safi huku nyumba za bei nafuu zikiwa 110 na za kifahari 80, na hapo mnyonge anamlipia tajiri kodi kila mwaka bila kelele yoyote. Ndicho kilichofichuliwa mwaka 2017 kwenye Kaunti ya Cook, yenye Chicago, pale uchunguzi wa gazeti ulipoonyesha nyumba za bei ya chini zikithaminiwa juu kuliko haki yake. Kwa hiyo mthamini mzuri hupima pia jinsi uwiano ulivyotawanyika, na kama unainama kadiri bei inavyopanda. Hakuna mwananchi atakayempongeza kwa hilo, maana kazi hii ikifanyika vizuri haionekani.

Majira ya kuchipua inakuja zamu ya wenye nyumba kumjibu mthamini. Miji mingi huketisha bodi ya rufaa, mara nyingi madiwani walewale, na angalau mmoja kati yao lazima awe amehudhuria mafunzo, la sivyo kazi inahamia kaunti. Mwenye nyumba analeta picha za ukuta unaovuja na bei za nyumba tatu za jirani. Kilio cha kwamba kodi ni kubwa hakina nafasi hapa. Linalosikilizwa ni hoja kwamba nyumba hii isingeuzwa kwa bei hiyo Januari 2. Aliyemkatalia mthamini kuingia ndani hapunguziwi kitu. Bodi inaweza kushusha, kuacha au hata kupandisha, ila punguzo zote kwa pamoja haziruhusiwi kuvuka asilimia moja ya thamani ya mji mzima. Zikivuka, hakuna hata moja inayosimama. Sheria imeweka uzio huo kwa sababu dola zinazoondoka kwenye nyumba ile yenye ukuta unaovuja hazipotei. Dai la mji ni lilelile, na Desemba zitagawanywa kwa nyumba nyingine zote, senti chache kila moja, bila barua ya kumweleza jirani zimetoka wapi.